Kilohezi ngapi zinaitosha mota ya stepa?

Mashine ya kuchonga nakshi za milango ikianza kupiga mluzi, fundi hukimbilia kupandisha masafa ya draiva, ile chipu inayolisha umeme mota za stepa (mota zinazozunguka hatua kwa hatua); masafa ni mara ngapi kwa sekunde inaufungua na kuukata umeme huo. Mluzi aghalabu huondoka kweli. Lakini baadaye juu ya ubao wa mvule huonekana mistari midogo kama meno ya kitana, khasa pale mhimili (upande mmoja wa mwendo wa mashine, wenye mota yake) unapokwenda taratibu. Mistari hiyo haikuja bure.

Tuanze na kinachofanyika ndani. Mota ya NEMA 23 (NEMA ni saizi ya uso wa mota) yenye 2.8 A, ukinzani wa ohm 0.9 na induktansi, yaani ukaidi wa koili mkondo unapobadilika, ya 2.5 mH inataka volti 2.5 tu kushikilia mkondo wake. Tunailisha 36 V ili mkondo upande haraka. Kwa hiyo draiva inafungua, mkondo unafika kiwango, inakata, unashuka kidogo, inafungua tena, mara elfu ishirini na zaidi kwa sekunde. Huko kukata na kufungua ndiko kwenye masafa tunayoyachagua.

Kiwango cha chini kinaamuliwa na sikio. Chini ya 20 kHz yupo atakayesikia, watoto zaidi. Ukipita hapo wanaobaki kusikia ni paka, na Mji Mkongwe hawakosekani.

Wengi hudhani masafa makubwa yanaleta usahihi kwa sababu mkondo unayumba kidogo zaidi. Piga hesabu kwa mota hiyohiyo: kwa 20 kHz, mkondo ukiachwa ushuke polepole, unapungua kiasi cha 0.05 A, chini ya asilimia 2. Ukienda 40 kHz unapata nusu ya hiyo, na mbao haitaijua tofauti.

Madhara yako upande wa pili. Kila draiva inapofungua, rizista ya kupimia mkondo hupata mshituko wa umeme wa muda mfupi, kwa hiyo chipu hufumba macho kwa mikrosekunde chache isije ikadanganyika. Ndani ya muda huo mkondo unapanda tu, utake usitake. Mkondo mdogo kabisa unaoweza kupatikana, ukiwa unashuka polepole, ni volti za ugavi × muda wa kufumba × masafa ÷ ukinzani wote. Chukua chipu ya draiva DRV8825: muda wake wa kufumba ni 3.75 µs na masafa yake ni kama 30 kHz. Iwekee 24 V na NEMA 17 ya ohm 1.65, jumlisha ohm 0.4 za chipu yenyewe. Jibu ni 1.3 A. Kwa mota ya 1.5 A hii ni balaa, maana hatua ndogo (vipande vya hatua nzima ya mota) zote za chini ya hapo, mkondo unapopanda, hazipo. Mota inasimama, halafu inaruka. Hayo ndiyo meno ya kitana. Ukishusha hadi 12 V inabaki 0.66 A. Na pale masafa yanaporekebishika, kuyazidisha mara mbili kunakizidisha kiwango hicho mara mbili.

Dawa ni kushusha volti, kupunguza masafa, au kuchanganya kushuka polepole (mkondo ukiachwa uzunguke wenyewe kwenye koili) na kushuka haraka (volti ikigeuzwa iusukume chini). Kushuka haraka peke yake, kwenye draiva ya masafa yasiyobadilika, nako kuna ila: muda wa kufungua unapita nusu ya mzunguko mmoja wa kufungua na kukata, mkondo unaanza kuyumba kwa nusu ya masafa, na 30 kHz yako inalia kama 15.

A4988, chipu nyingine ya draiva, ni kabila jingine. Kinachokaa pale pale ni muda wa kukata, masafa yanaelea. Pini ya ROSC, ya kupangia muda huo, ikiungwa kwenye VDD (umeme wa chipu yenyewe) au moja kwa moja ardhini, muda ni 30 µs. Ukiweka rizista kwenda ardhini, gawa ohm zake kwa 825 upate mikrosekunde: 16.5 kΩ inatoa 20 µs. Kwa 30 µs, muda wa kufungua ukiwa robo ya mzunguko unapata 25 kHz. Ukifika nusu, 16.7 kHz, na mluzi huo. Ndiyo maana bodi iliyokuwa kimya kwa 24 V hulia kwa 12 V.

Wenye jozi ya chipu za zamani, L297 inayoongoza na L298 inayobeba mkondo: masafa ni 1 ÷ (0.69 × R × C), R ikiwa rizista na C kapasita za pini ya saa, OSC, na R isipungue 10 kΩ. 22 kΩ na 3.3 nF ni 20 kHz. L298 usiipeleke zaidi ya 40 kHz. Mihimili ikiwa zaidi ya mmoja, unganisha pini za SYNC (za kuoanisha chipu), saa iwe kwenye chipu moja, na OSC za nyingine ziende ardhini. Moja ikiwa 20 na nyingine 20.3 kHz, tofauti yao ya 300 Hz inaweza kusikika.

Draiva ya TMC2209 katika hali yake ya kimya ina chaguo nne kwa saa yake ya 12 MHz: 23.4, 35.1, 46.9 na 58.5 kHz. Anza na 35.1.

Joto nalo. Kwa 36 V na 2.8 A, transista zinazochukua 300 ns kufungua na 300 kufunga hupoteza 0.6 W kwa koili kwa 20 kHz. Mihimili mitatu ina koili sita: 3.6 W. Kwa 60 kHz ni karibu 11 W, ndani ya sanduku lililozibwa kwa ajili ya vumbi na hewa ya bahari, chini ya bati, mwezi wa Januari.

Kabla ya kugusa masafa, kagua lehemu za rizista ya kupimia. Chumvi ikizila, ohm 0.02 tu juu ya 0.1 ya rizista inapunguza mkondo kwa moja ya sita.

Huna osiloskopu? Gundisha waya wa sentimita 20 kwenye shafti, weka hatua za 1/16 (hatua nzima ikigawanywa kumi na sita), ipe draiva pigo moja la amri ya kusogea kila sekunde. Ncha isogee kama milimita 0.4 kila pigo, mapigo 16 mfululizo. Ikisimama mapigo mawili matatu kisha ikaruka, teremsha volti au masafa, rudia.