Eodi gano?

Nilikuwa na mwezi wa nne Busan, na Kikorea changu chote kilikuwa cha darasani: Kikorea cha Seoul, cha vitabuni na cha taarifa ya habari. Mwalimu alikuwa ametuonya tusiokote saturi, yaani lahaja ya mkoa, eti itatuharibia ulimi.

Asubuhi hiyo ya Januari nilikatiza soko la samaki la Jagalchi kwenda kupanda treni. Mama mmoja aliyevaa glavu nyekundu za mpira, beseni la vibua mbele yake, akaniuliza, "Eodi gano?"

Huko Seoul, "eodi ga?" ina maana mbili, na sauti ndiyo inayozitenga: unakwenda wapi, au kuna mahali unakwenda? Nikashika ya pili. "Ne," nikajibu. Ndiyo.

Akarudia, akilivuta lile "no". Nikasema "ne" tena.

Hakuchoka nami. Akainua glavu moja: "Eodi gana?" Akatikisa kichwa kukubali, kisha kukataa. Akainua ya pili: "Eodi gano?" Akaonyesha barabara, bandari, mlima. Hapo nikaelewa. Kwa watu wa Gyeongsang, eneo lenye Busan, "na" hutaka ndiyo au la, "no" hutaka jina la mahali. Kitabu changu hakikuwa na kitu kizuri namna hiyo.

Baadaye nilisoma kwamba Hangul, herufi za Kikorea, ilipotangazwa mwaka 1446, maandishi ya wakati huo yalitiwa nukta kando ya silabi kuonyesha kupanda na kushuka kwa sauti. Seoul imeupoteza mpando huo. Gyeongsang wangali nao, na huyo mama alikuwa akiuimba mbele ya vibua vyake. Ulimi gani basi ulioharibika?

Nilimkumbuka bibi yangu Mombasa. Yeye husema ndia kwa njia, husema mato kwa macho, na mimi shuleni nilisahihishwa kwa kalamu nyekundu hadi nikaona haya kuyatamka mbele ya watu.

Wiki iliyofuata nilipita palepale makusudi. "Eodi gano?"

"Hakkyo gamnideo, imo." Nakwenda shule, mama mdogo. Nilisema "gamnideo" kama wao, si "gamnida" ya kitabuni.

Akamwita jirani yake aje asikie, akanifanya niseme tena. Nilinunua vibua viwili. Akatia cha tatu mfukoni, nyongeza, na hakutaka kusikia habari ya pesa.