Bahasha ya jirani yangu

Leo, Aprili 15, 2020, pesa ya msaada wa korona kutoka serikali ya Marekani imeingia. Dola 1,200 kamili, hapa Dallas.

Alhamdulillah. Tangu korona ifunge kazi, nilikuwa naihesabu siku hii.

Nikatoka nje, nikamkuta jirani yangu amekaa kwenye ngazi, kanyamaza.

Yeye ni raia. Mumewe hupaka rangi nyumba za watu, na kodi ya mapato analipa kila mwaka, ila hana namba ya hifadhi ya jamii (Social Security). Kwa kuwa wanajaza fomu ya kodi pamoja, sheria ya pesa hii, iliyosainiwa Machi 27, imewanyima wote wawili. Hata zile dola 500 za kila mtoto hawapati.

Watoto watatu, jamani. Wamezaliwa hapa hapa.

Mkubwa alishapiga hesabu kwa penseli nyuma ya bahasha: 1,200 + 1,200 + 1,500.
Akaizungushia duara jumla yake: 3,900.

Mama yake bado ameishika bahasha ile.

Wanasema pesa hii ni ya kuamsha uchumi. Mimi nusu nitaiacha benki. Yeye angeimaliza yote wiki hii: pango, maziwa, viatu.

Ndugu zangu mlio huku, kwenu imekuwaje? Mngempa nani kwanza?