Siku moja kwenye chumba cha ushauri nasaha cha zahanati

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua chumba na kupanga viti viwili mshazari, meza naisogeza pembeni. Mtu akikaa hivyo anaweza kutazama dirishani huku akiongea, na machozi yakija anayafuta kwa pindo la khanga bila kuhisi anakodolewa macho.

Saa 2:00. Daftari la mapokezi limejaa maumivu ya kichwa, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi. Malaria hakuna, presha iko sawa. Ni nadra mtu kusema ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, husema, "Nina mawazo." Nalipokea neno hilo kama lilivyo. Kumwambia ajikaze ni kumfungia mlango.

Saa 3:00. Dodoso la PHQ-9, la kupima dalili za sonona: maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3, jumla 27. Ikifika 10, nachimba zaidi. Ndugu aliyemsindikiza namwomba asubiri nje, maana mbele ya mkwe kila jibu huwa "hapana". Swali la tisa naliuliza waziwazi: "Mama, kuna siku umewaza bora ufe, au kujidhuru?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Akiwa na mpango, haondoki peke yake: anaonwa na daktari siku hiyohiyo, na nyumbani sumu ya wadudu na dawa zinaondolewa.

Saa 5:00. Kupumua. Mkono tumboni, vuta hewa puani kwa hesabu ya 3, toa polepole kwa hesabu ya 5. Kosa la kila siku ni kuvuta pumzi kubwa kubwa: kaboni dayoksaidi hupungua mwilini, kizunguzungu kinakuja, vidole vinakufa ganzi, mtu anadhani anakufa. Hapo namwambia apunguze ukubwa wa pumzi, asiongeze. Nyumbani afanye dakika 5 asubuhi na jioni, akiwa ametulia. Anayesubiri hofu impande ndipo ajaribu, humshinda.

Saa 7:00 mchana. Mikopo ya kausha damu, yenye riba kubwa, kodi ya nyumba, ugomvi wa ndoa. Tunaandika matatizo yote, tunaweka kando yasiyo mikononi mwake, tunachagua moja. "Nitajitahidi kulipa" si hatua. "Kesho saa 4 asubuhi nitamwomba mwenye duka nimlipe elfu tano kila Jumamosi" ni hatua. Ikishindikana, tunaigawa iwe ndogo zaidi.

Saa 9:00 alasiri. Walioandikiwa fluoksetini, dawa ya sonona. Kichefuchefu huja siku za mwanzo, nafuu huchukua wiki 2 hadi 4 au zaidi. Bila kuambiwa mapema, mtu huacha dawa katikati akisema haifanyi kazi.

Saa 10:30. Nawapigia ambao hawakutokea. Nikipokelewa na mtu mwingine, naacha salamu tu, sitaji ninakopigia. Majalada yanaingia kabatini, kabati linafungwa kwa ufunguo.