Kumbukumbu ya mradi: kulehemu nyaya za betri upya

Juma lililopita niliandika kwamba kiunganishi cha betri ya gari langu la rimoti kimekamilika, na leo nalazimika kuifuta kauli hiyo. Baada ya kuliendesha kwa dakika chache nilikishika kiunganishi hicho, ambacho ni cha aina ya XT60 kilichoundwa kubeba hadi ampea 60, nikakiachia mara moja kwa jinsi kilivyokuwa cha moto.

Kabla ya kukibomoa niliona ni vyema nikipime. Niliiondoa mota nikafunga balbu mbili za taa za gari, za wati 55 kila moja, ambazo kwa pamoja zilivuta takriban ampea 9. Mita ikaonyesha kwamba volteji inashuka kwa milivolti 90 upande wa waya chanya, kutoka waya wa betri hadi waya wa mzigo. Ukizidisha unapata wati 0.8 zinazogeuka joto ndani ya kitu kidogo kuliko kifundo cha kidole. Upande wa hasi ulishusha milivolti 40.

Nilipoukata mpira wa kuhami nilikuta risasi ya kulehemia imejikunja kuwa tone la mviringo, kama maji juu ya jani la mgomba. Niliuvuta waya kidogo tu, ukatoka na tone lake, na kikombe cha pini, yaani kitundu ambamo waya hulehemiwa, kikabaki kinang'aa dhahabu kana kwamba hakijawahi kuguswa.

Kosa lilikuwa la ncha ya kifaa cha kulehemia. Risasi ninayotumia, yenye bati asilimia 63, huyeyuka kwenye nyuzi joto 183 za Selsiasi, nami nilikuwa nimeweka kifaa hicho kwenye 380, kwa hiyo nilidhani joto linatosha na kubaki. Lakini ncha ilikuwa nyembamba kama ya penseli, na waya wa geji 12, wenye shaba ya milimita mraba 3.3, uliunyonya moto wote kabla pini haijapata kitu. Risasi iliyeyuka kwa sababu iliigusa ncha, si kwa sababu pini ilikuwa tayari kuipokea. Kuongeza nyuzi kusingesaidia, kwani flaksi, dawa inayosafisha chuma ili risasi ishike, ingeungua mapema na nailoni ya kiunganishi ingelegea.

Safari hii nimefunga ncha pana iliyochongwa kama patasi. Kiunganishi kipya nimekichomeka kwenye mwenzake wa akiba, ili pini zisipinde plastiki inapolainika. Upande wa betri unachukua kiunganishi chenye matundu, kwa kuwa chuma chake kimejificha ndani. Waya hasi niliufunika kwa utepe muda wote nilipokuwa nikiushughulikia waya chanya. Betri hii ya seli tatu, iliyojaa hadi volti 12.6, ikipigwa shoti inaweza kutoa ampea nyingi mno kwa mara moja, na sina hamu ya kushuhudia hilo mezani.

Niliulowesha waya risasi kwanza hadi ikapenya kati ya nyuzi zote za shaba, nikajaza kikombe nusu, kisha nikaegemeza ubapa wa ncha kwenye ukuta wa kikombe na kungoja. Kwa sekunde tatu hivi hakukuwa na lolote. Halafu uso wa risasi ulilegea wote kwa pamoja ukawa kioo, waya ukazama wenyewe, nami nikaondoa moto bila kuutikisa mkono hadi ule mng'ao ulipoganda.

Kiungo kilikuwa kizuri kweli kweli, ila nilikuwa nimesahau kuuvisha waya mpira wa kuhami kabla ya kuanza. Nikakiyeyusha, nikaanza tena.

Kwa balbu zilezile, upande chanya sasa unashusha milivolti 6 na upande hasi 7. Nimeziacha zikiwaka dakika kumi, na kiunganishi kimebaki na uvuguvugu usiozidi ule wa waya wenyewe. Zamu inayofuata ni nyaya za upande wa mota, ambazo nililehemu siku ileile kwa ncha ileile nyembamba.