Zamu Mbili za Papa

Jumapili iliyopita binti yangu aliniletea karatasi ya shule iliyomtaka achore watu watatu wa familia yake na kuandika chini ya kila mmoja kazi anayoifanya au aliyowahi kuifanya. Mimi alikuwa amekwisha kunichora, nimeketi mbele ya kompyuta, kichwa kikubwa kuliko meza. Alipofika kwa babu yake aliinua penseli, akauliza, “Mama, babu alikuwa anafanya kazi gani?” Nilikuwa napiga pasi. Nilimjibu kwamba alikuwa askari wa geti, mlinzi, kule Lavington, Nairobi, kwa miaka 22, kisha nikarudi kwenye kola ya shati, lakini mkono ulikuwa umekwisha kusimama na ikanibidi niinyanyue pasi kabla haijaacha alama. Jibu hilo, linalonitoka leo kama jina langu, nilichukua miaka mingi kulitamka mbele ya watu. Walionifundisha kulitamka walikuwa wawili: baba yangu, na Papa Shirandula.

Wakenya wa rika langu wanamjua. Kipindi cha vichekesho chenye jina lake kilianza kuonyeshwa katika runinga ya Citizen mwaka 2007, na Charles Bukeko, aliyemwigiza Papa, akawa mtu wa kila nyumba, hata watoto wakimwona barabarani hawakumwita kwa jina lake. Papa alikuwa bawabu. Mkewe, Wilbroda, hakujua. Mume alitoka nyumbani na suti kama mtu mwenye ofisi yake, na alipofika kazini akaivua, akavaa sare, akasimama getini. Kabla yake wazazi wetu walikuwa na Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi, ambaye marehemu Benson Wanjau alimwigiza miaka na mikaka, na baba yule alipendwa kwa namna mkewe, Mama Kayai, alivyomshinda maneno sebuleni mwake mwenyewe. Papa alikuwa baba wa aina nyingine. Alikuwa mnene, mwenye sauti nzito na lafudhi ya kwetu Magharibi isiyofichika, mwenye tamaa ndogondogo na ujanja uliomrudia yeye mwenyewe. Hakuwa mfano wa kuigwa. Hata hivyo alipendwa kuliko mababa wote wema waliowahi kupita katika runinga ile, na mimi nilikuwa na sababu yangu ya kumpenda ambayo sikumwambia mtu.

Mwaka 2009 nilikuwa darasa la saba. Mwanzoni mwa muhula wa kwanza tulijaza fomu, na palipoandikwa “kazi ya mzazi” niliandika kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: mfanyabiashara. Hakuna aliyenituma. Msichana niliyeketi naye dawati moja alikuwa ameandika kwamba baba yake anafanya kazi benki, na kalamu yangu ilikataa kuandika neno la kweli chini ya macho yake. Tangu siku hiyo niliulinda uongo ule. Sikumleta rafiki nyumbani kwetu Kawangware, na nilipoulizwa baba anauza nini nilisema ana vitu vingi. Jioni, baba alipotoka saa kumi na moja kwenda zamu ya usiku na mfuko wake wa karatasi kwapani, nilihakikisha niko ndani.

Mikutano ya wazazi alihudhuria mama. Muhula wa pili mama alikuwa Vihiga kwenye matanga ya dada yake, kwa hiyo baba alibadilishana zamu na mwenzake, akavaa suti yake ya kahawia, akaja shuleni. Tulipofika mbele ya meza ya mwalimu wa darasa, mwalimu alifungua faili langu, akatabasamu kwa heshima, akasema, “Karibu sana, mzee. Biashara inaendeleaje siku hizi?”

Faili lilikuwa limeelekea upande wa mwalimu. Lakini baba yangu alikuwa na ujuzi mmoja ambao watu wa kazi nyingine hawana: aliweza kusoma maandishi yaliyopinduka kwa wepesi uleule wa maandishi yaliyosimama, kwa sababu kila jioni alisimama upande wa pili wa kitabu cha wageni akimwangalia mgeni akiandika jina, namba ya gari na anakokwenda. Niliyaona macho yake yakishuka kwenye fomu, yakaenda mstari kwa mstari, yakatulia. Kisha akainua uso. “Tunamshukuru Mungu, mwalimu,” akasema. “Inakwenda.”

Walizungumza habari za hesabu na sayansi, nami sikusikia chochote. Njiani kurudi tulikwenda kimya. Alinunua hindi moja la kuchoma, akalivunja, akanipa kipande kikubwa.

Jioni ile, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imeshikwa na mwenzake, baba alikuwa nyumbani saa ambayo hakuwahi kuwa nyumbani, na ndiyo maana alimwona Papa Shirandula kwa mara ya kwanza. Sisi tulikuwa tumekwisha kukifuata kipindi hicho kwa miaka miwili bila yeye. Runinga yetu ilikuwa Greatwall ndogo iliyofunikwa kitambaa cha kufumwa, na jirani wawili watatu wa ploti waliingia na viti vyao kama kawaida. Walipomwona baba kwenye kochi walisita mlangoni, wakamwamkia, wakaketi kwa adabu kuliko siku nyingine. Baba alikuwa bado na shati la mkutano. Koti la suti alikuwa amelivua na kulilaza magotini.

Alicheka tangu mwanzo. Sikuwa nimejua kwamba baba yangu anaweza kucheka hivyo, kichwa nyuma na mkono kifuani, kwa sababu saa zangu za kuwa naye zilikuwa saa zake za usingizi, na kicheko cha nyumba ile tulikuwa tumejifunza kukimeza ili tusimwamshe. Alicheka lafudhi. Alicheka namna yule mtu mzima alivyobeba tumbo lake kwa heshima kama kwamba ni mali ya serikali. Kisha likaja lile tendo tulilolijua sote: Papa amefika kazini, anavua suti, anavaa sare. Chumba kizima kilicheka, nami nikacheka kwa sauti kuliko wote, ili nisije nikaonekana sicheki.

Baba peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama mbele, viwiko juu ya magoti, akitazama kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake. “Koti halikunjwi hivyo,” akasema. Alichukua lile lililokuwa magotini pake, akaingiza mkono katika bega moja na kulipindua, akalichomeka bega hilo ndani ya jingine, bitana ikaja nje, akalikunja mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana. Lilitosha kuingia katika mfuko wa karatasi. “Hivi vumbi haligusi upande wa watu,” akasema. “Ukilitundika kwenye msumari wa kibanda, asubuhi lina umbo la msumari.”

Jirani mmoja alimuuliza kama kweli maaskari huwa wanabadilisha nguo kazini ili wasijulikane mtaani. Baba akajibu kwamba wote hubadilisha, lakini si kwa kujificha. Njia ya Kawangware ina tope wakati wa mvua na vumbi wakati wa jua, msimamizi hukagua sare kabla ya zamu, na ikichafuka ni wewe unayekatwa. Alieleza hayo kwa utulivu, na mimi, niliyekuwa nimeuona mfuko wa karatasi kila jioni na kuamini kwamba ndani yake mmekunjwa aibu, niligundua kwamba ndani yake mlikuwa na shati safi tu.

Baadaye kidogo, macho yakiwa bado kwenye runinga, alisema maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo. “Lakini huyu anaficha kweli. Na mtu anayeficha ana zamu mbili. Akitoka getini, mwenzake anamwachia rungu na tochi na kwenda kulala. Yeye akifika nyumbani anaanza kulinda tena. Sasa huyu atalala lini?”

Hakuna aliyeitikia, kwa kuwa wengine walidhani anamhurumia Papa. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na mguu wake, na sikuthubutu kuinua kichwa. Niliona soksi zake, moja ikiwa imeshonwa kidoleni kwa uzi wa rangi nyingine. Sikujua kama maneno yale alinielekezea mimi niliyeandika fomu, au alijielekezea yeye mwenyewe ambaye mchana ule alikuwa amekubali kuingia zamu yangu bila kuulizwa, akasimama nami mbele ya mwalimu na kulinda kitu ambacho hakukiweka yeye. Mpaka leo sijui. Kipindi kilipokwisha aliniwekea mkono kichwani akasema, “Mama, kalale,” kwa maana nina jina la mama yake na ndivyo anavyoniita, akatoka nje kunawa miguu.

Laiti ningeweza kusema kwamba kesho yake nilikwenda kumwomba mwalimu nirekebishe fomu. Sikwenda. Fomu ile ilibaki hivyo hadi nilipofanya mtihani wa darasa la nane. Kilichobadilika kilikuwa kidogo: nilianza kutoka nje jioni wakati anaondoka na kumfuata mpaka kwenye kona ya kinyozi, na mara nyingine nilimbebea ule mfuko. Kidato cha pili ndipo nilipolitamka neno lenyewe kwa mara ya kwanza, bwenini, kwa rafiki ambaye hakushangaa hata kidogo.

Nimewaza mara nyingi kwa nini nchi nzima ilimpenda Papa, mtu aliyemdanganya mkewe kila siku ya Mungu. Wengine husema ni kwa sababu alichekesha, na kweli alichekesha, lakini wachekeshaji tumekuwa nao wengi na hatukuwaita baba. Mimi nadhani ni kwa sababu alituruhusu tumwone akibadilisha nguo. Watoto wengi humjua baba anayetoka na baba anayerudi, na katikati ya hao wawili kuna mtu wasiyewahi kumwona, anayekemewa na tajiri, anayemfungulia geti kijana aliye sawa na mwanawe na kumwita “bosi”, anayehesabu saa kwa baridi. Papa alituingiza katikati pale. Siri ambayo Wilbroda hakupewa tulipewa sisi, na mtu akikukabidhi aibu yake uitunze, ni vigumu usimpende. Baba mwema wa mchezoni, asiyekosea na mwenye wosia kila jioni, tunamheshimu kama tunavyomheshimu mgeni. Huyu tulikuwa upande wake.

Bukeko alifariki Jumamosi, tarehe 18 Julai 2020, katika siku zile za corona, na Jumatatu akazikwa kwao Busia. Baba alikuwa amekwisha kustaafu na kurudi Vihiga. Alinipigia simu jioni ya mazishi, kabla ya saa za kafyu, akauliza kama nimeona. Nikasema nimeona. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia kuku na redio ya jirani nyuma yake, kisha akasema, “Mtu aliyewakeshea watu miaka yote ile, naye hakukeshewa.” Sikumkumbusha kwamba aliyezikwa ni mwigizaji na aliyekesha ni Papa. Kwake walikuwa mtu mmoja, mwenzake wa kazi aliyekuwa akikunja koti vibaya.

Binti yangu alisubiri hadi nikamaliza kupiga pasi. Alikuwa ameandika tayari, kwa herufi kubwa zinazoegemeana, ASKARI, na wala hakuona ugumu wowote katika neno hilo. Kilichomtatiza ni kingine. Katika picha iliyo ukutani kwetu, ya harusi yangu, babu amevaa suti ya kahawia; lakini karatasi inasema mchore akiwa kazini. “Sasa nimvalishe ipi?” akauliza. Nilitaka kumwambia sare, kwa sababu ndiyo iliyotulisha na kunisomesha. Nikakumbuka lile koti lilivyokunjwa, bitana nje, na jinsi lilivyokuwa naye kazini usiku wote ndani ya mfuko, likisubiri asubuhi. Nikamwambia tumpigie babu tumuulize. Simu ililia bila kupokelewa. Saa hizo huwa shambani, na simu huiacha ndani.

Hadi ninapoandika haya karatasi iko mezani. Babu ana kofia, ana mikono miwili, ana viatu vilivyopakwa rangi nyeusi kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka, na katikati ni peupe.