Nilivyowavusha kuku wangu wa mayai kwenye joto la 2023/24 mpaka kipupwe kikarudi

Naandika hii kwa wafugaji wenzangu wa kuku wa mayai, hasa sisi wa ukanda wa joto, Dar, Pwani, Tanga, Lindi huko, maana joto la kuanzia mwishoni mwa 2023 hadi katikati ya 2024 liliwaumiza watu wengi na nimeona wengine wameacha kabisa kufuga. Mimi nipo Chanika, pembezoni mwa Dar, na nilikuwa na kuku kama mia nne hivi wanaotaga.

Kwanza tuelewe lile halikuwa joto la kawaida. Kuanzia Juni 2023 hadi Juni 2024 kila mwezi ulikuwa wa joto kuliko mwezi kama huo miaka yote iliyopimwa duniani, miezi 13 mfululizo, hizo ni takwimu za Copernicus wale wa Ulaya wanaofuatilia hali ya hewa. Juu yake tukawa na El Niño, yaani ule ujoto wa maji ya bahari ya Pasifiki unaovuruga hali ya hewa. Huku kwetu TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, walishatangaza mapema kwamba vuli itakuwa na mvua za juu ya wastani na kweli zikaja, sasa watu wengi wanadhani mvua ikinyesha banda linapoa, wapi! Ikinyesha alafu jua likatoka banda linakuwa mvuke mtupu, na hapo ndipo kuku anapata shida kubwa kuliko hata jua kali la kavu.

Sababu ni hii. Kuku hatoki jasho, mwili wake wenyewe una joto la nyuzi 41 hivi, anachoweza ni kuhema mdomo wazi ili unyevu utoke kwa pumzi apoe, sasa kama hewa yenyewe imeshajaa unyevu anahema bure tu. Na akihema sana anapoteza ile hewa ya kaboni mwilini ambayo ndiyo inahitajika kutengeneza ganda la yai. Kwahiyo kabla hujaona vifo utaona maganda yamekuwa membamba, mayai yanapasuka kwenye trei, mengine yanatoka laini kabisa. Mteja wangu wa mjini alianza kurudisha trei, na mayai yenyewe yalikuwa yamepungua ukubwa.

Kitu ambacho mimi nimekiona kwa macho yangu na nataka kila mfugaji akishike ni usiku. Mchana wa joto kuku anaustahimili kama usiku atapata kupoa. Mwaka ule Januari na Februari unaamka saa nane usiku unakuta bado wanahema, mabawa wameyaachia, hawajapumzika na asubuhi jua linawakuta wamechoka tayari, na kesho yake hivyo hivyo, wiki baada ya wiki. Kwahiyo karibu kila nilichofanya nilikipanga kwa ajili ya usiku.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima aliyefuga miaka mingi, alikuja akasimama pale mlangoni, nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, akaangalia kidogo akasema "hawa wasile mchana, chakula nacho ni moto." Nikafuatilia nikakuta ni kweli tupu, chakula kikisagwa tumboni kinazalisha joto na joto lenyewe linapanda saa chache baada ya kula, ukimlisha saa nne asubuhi unamwongezea moto saa saba mchana. Nikawa natoa vilishio saa nne narudisha saa kumi na moja jioni. Ile sehemu iliyokatwa nikaifidia alfajiri, nawasha taa saa kumi usiku wanakula kwenye ubaridi kidogo uliopo na wanakula vizuri kweli. Kipindi kile kulikuwa na mgao wa umeme kwahiyo nilifunga balbu za sola, feni sikuzitegemea kabisa, mwenye feni bila jenereta mgao ulimkamata pabaya.

Chokaa ya punje na magamba ya kome niliwawekea jioni, siyo asubuhi, kwa sababu ganda linajengwa usiku kuku akiwa amelala na zile punje kubwa zinayeyuka taratibu tumboni. Hii peke yake ilinirudishia trei nyingi zilizokuwa zinapotea kwa kupasuka.

Maji ndio usiseme. Kuku kwenye joto anakunywa hata mara mbili ya kawaida lakini maji yakiwa ya moto anayaacha. Tanki nililijengea kivuli cha makuti, bomba nikalifukia chini, na mchana namwaga yaliyomo kwenye drinka (chombo cha kunyweshea) naweka mapya. Umeme ukiwepo nilikuwa nagandisha maji kwenye chupa naziweka kwenye drinka. Vitamini C na elektrolaiti (chumvichumvi za mwilini) niliweka kwenye maji asubuhi mapema wakati wana kiu.

Paa la bati nikalipaka chokaa nyeupe na juu nikatandaza makuti. Yale mapazia ya viroba ambayo wengi tunashusha usiku, mimi nikayapandisha juu usiku kucha, nikaongeza waya mgumu na mbwa kwa ajili ya vicheche na wezi.

Alafu kuna uamuzi ulioniuma. Niliuza kuku wakubwa waliokuwa wanaelekea mwisho wa kutaga, mapema kuliko nilivyopanga, na bei ilikuwa ya chini maana kila mtu anauza. Lakini banda lilipata nafasi, kila kuku ni jiko dogo linawaka ndani humo, ukipunguza idadi waliobaki wanapumua. Ningeambiwa nichague hatua moja tu kati ya zote hizi ningechagua hii.

Masika ikapita na mvua nyingi, mwanzoni mwa Mei tukapata upepo wa kimbunga Hidaya, alafu kusi ikaanza kuvuma. Kidunia ile miezi ya rekodi ilikatika Julai 2024, wale Copernicus walipima wastani wa nyuzi 16.91, pungufu ya Julai 2023 kwa nyuzi 0.04 tu, yaani kidogo mno, na Julai hiyo hiyo tarehe 22 ndio ilikuwa na siku ya joto kuliko zote walizopima. Mwaka mzima wa 2024 bado ukamaliza ukiwa wa joto kuliko yote. Ila bandani kwangu kipupwe kilikuwa kipupwe kweli, usiku unashuka mpaka nyuzi 20 hivi, kuku wanalala wamekaa kimya bila kuhema na nilifurahi sana kwakweli, ganda likakaza ndani ya muda mfupi.

Hapo angalia, wakipoa wanakula sana, nilirudisha chakula cha mchana kidogo kidogo ili wasijae mafuta. Taa ya saa kumi alfajiri sijaiondoa mpaka leo.

Na kingine nilichobadilisha ni tarehe ya kuingiza vifaranga. Zamani nilikuwa naingiza hela ikipatikana, sasa naingiza Desemba. Kifaranga wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hivi, kaskazi inanipa joto hilo karibu bure, mkaa unatumika kidogo, alafu wanafika wiki ya 20 kipupwe kinaingia, wanaanza kutaga wakati wa ubaridi, na joto la Februari likija linakuta wameshazoea kutaga na miili imeshakomaa.