Nilivyopata ridhaa ya wafugaji kabla ya kusimika hata paneli moja

Ninajenga mitambo ya umeme jua kwenye ardhi za jamii za asili, nyingi zikiwa za wafugaji. Wawekezaji wenzangu huniuliza niliwashawishi vipi. Sikwenda kushawishi. Nilikwenda bila mchoro wa mtambo, maana ukifika na mchoro uliokamilika umeshawaamulia wenyeji, na kilichobaki ni kuwaomba saini.

Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili linataka ridhaa itolewe kwa hiari, mapema, na watu wanaoelewa wanachokikubali. Wanaolipuuza hulipa baadaye. Oktoba 2021 Mahakama ya Juu ya Norwei iliamua kwamba vibali vya mitambo ya upepo ya Fosen ni batili, kwa kuwa vilikiuka haki za Wasami, watu wa asili wa kaskazini mwa Ulaya, wanaofuga mifugo yao pale. Turbini 151 zilikuwa zimeshasimama. Mwezi huohuo, mahakama mjini Meru, Kenya, ikasema hati za ardhi ya mradi wa upepo wa Ziwa Turkana hazikupatikana kihalali, ilhali turbini 365 zilikuwa zinazalisha umeme. Kesi hizo mbili ndizo nilizowaonyesha wakopeshaji wangu waliponiharakisha, na walinielewa.

Kazi yenyewe ilianza kwa ramani iliyochorwa mavumbini. Wazee walichora mipaka na visima, kisha akina mama wakairekebisha: njia za maji, mahali pa kuni, malisho ya kiangazi. Mmoja wao alichomeka kijiti mahali ambapo mhandisi wetu alikuwa ameshapapenda, tambarare kabisa na karibu na laini ya umeme. "Hapa ndipo ng'ombe dhaifu wanapoponea ukame," alisema. Kwenye picha ya setilaiti eneo lile lilionekana tupu, kwa sababu ilipigwa msimu ambao hakuna anayelisha pale. Megawati 1 ya sola hula takriban hekta 2, kwa hiyo halikuwa suala la kusogeza nguzo kidogo. Tulihama. Nyaya zikarefuka na gharama ikapanda, lakini kwangu ile ndiyo fedha iliyotumika vizuri kuliko zote katika mradi.

Kuhusu mifugo, wafugaji wenyewe ndio walionipa suluhisho. Kondoo wanaweza kulisha chini ya paneli na kufyeka nyasi ambazo vinginevyo tungelipa watu wazikate. Mbuzi hapana: hupanda juu ya paneli na kutafuna nyaya. Basi tuliinua fremu, nyaya tukazipitisha kwenye mabomba, na zamu za kondoo wakazipanga wenyewe.

Pagumu palikuwa kwenye fedha. Nasimamia hili kwa dhati: kodi ya ardhi peke yake haitoshi, na kujenga darasa au kuchimba kisima si ubia. Jamii inapaswa kuwa na hisa na viti kwenye bodi. Kwa kuwa hawakuwa na mtaji, hisa zao zilinunuliwa kwa mkopo unaolipwa kutokana na gawio, huku sehemu ya gawio ikiwafikia tangu mwanzo ili wasisubiri miaka mitupu. Mwanasheria walimchagua wenyewe. Ada yake ilitoka kwenye mradi lakini ilipitia kwa mtu wa tatu, ili asinione mimi kuwa bosi wake. Alinibana kwelikweli, na mkataba ukawa bora.

Mzee mmoja akauliza swali ambalo hakuna benki iliyowahi kuniuliza: "Vitu hivi vikifa, vitazikwa wapi?" Paneli hudumu miaka 25 au zaidi, inveta, yaani vifaa vinavyogeuza umeme wa paneli uweze kutumika kwenye laini, huchoka mapema kuliko hapo. Tukafungua akaunti maalumu inayowekewa fedha kila mwaka kwa ajili ya kung'oa mitambo na kurudisha ardhi ilivyokuwa. Siwezi kuchota humo bila saini za jamii.

Siku hizi mjadala wao ni namna ya kugawa gawio: vijana wanataka karo na mafunzo ya ufundi umeme, wazee wanataka dawa za mifugo. Huwa nahudhuria nikialikwa na kueleza hesabu nikiulizwa. Kura ni yao.